Kutunza nywila kwenye kompyuta ya mezani: maswali tunayoulizwa dukani, Lamu

Duka letu liko Langoni, uchochoro wa pili ukitoka ufukweni. Tunatengeneza kompyuta, tunachapisha, tunawajazia watu fomu za serikali. Haipiti wiki bila mtu kuingia na lile lile: "Fundi, nimesahau paswadi." Tukishamfungulia, hufuata maswali, na maswali yenyewe ni yale yale. Nimeyaandika hapa kwa ajili ya wenye kompyuta ya mezani, ile ikaayo pahali pamoja: mapokezi ya gesti, ofisi ya madrasa, chumba cha walimu, sebuleni. Simu nitaigusa pale inapolazimu tu.

Hiyo programu ya kutunza nywila ni kitu gani hasa?

Ni daftari lenye kufuli moja. Ndani unaandika jina la tovuti, jina unaloingilia, nywila yake na maelezo yoyote unayotaka. Programu husimba kila kitu, yaani hukivuruga kikawa takataka isiyosomeka, na kinarudi kusomeka ukitia nywila moja tu, ile tunayoiita nywila kuu. Hiyo ndiyo unayoibeba kichwani. Zilizobaki programu inakutungia yenyewe, herufi 20 za ovyo ovyo ambazo huna haja ya kuziona wala kuzijua.

Mimi nina daftari langu la karatasi. Lina ubaya gani?

Si baya kama wanavyosema vijana. Mwizi aliye ng'ambo hawezi kufungua mtoto wa meza yako hapa Lamu. Mtu mzima anayekaa peke yake, mwenye akaunti tatu, akiniambia anatumia daftari huwa simsumbui.

Matatizo yake ni mengine. Dada mmoja wa mapokezi aliniletea kaunta buku lililolowa, mvua ya kusi imepenya dirishani usiku. Wino wa bluu umetanda ukurasa mzima. Nywila ya tovuti wanayopokelea wageni ilisomeka nusu, na katika nusu hiyo kulikuwa na kijiti kimoja: ni moja, ni L ndogo, ama ni I kubwa? Tukajaribu hivi, tukajaribu vile, mara ya tano akaunti ikajifunga, na wageni wa mwisho wa juma walikuwa wameshalipa.

La pili ni uvivu, na hapa sote tumo. Ukijua utaiandika kwa mkono na kuinakili kila asubuhi, utatunga fupi. Kisha utaitumia hiyo hiyo kila pahali. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou iliibiwa nywila milioni 32 zilizohifadhiwa wazi wazi bila kusimbwa, na iliyoongoza kwa kupendwa ilikuwa 123456. Tangu hapo wezi wana desturi: wakipata barua pepe na nywila kutoka tovuti moja dhaifu, mashine zao huzijaribu kwenye tovuti nyingine zote. Kwa hivyo ile "Lamu2019" uliyoweka kwenye tovuti ya kununua viatu ndiyo itakayofungua barua pepe ya gesti.

Kivinjari kinanihifadhia tayari. Si yatosha?

Kwa mtu mmoja, na kompyuta yenye nywila ya kuingilia, ni afadhali kuliko kutokuwa na chochote. Sitamcheka.

Kwa kompyuta ya mapokezi, hapana. Anayekaa kwenye kiti ndiye mwenye funguo zote. Hata kama hawezi kuiona nywila yenyewe, kivinjari kitamjazia na kitamwingiza. Na kuna jambo ambalo wenye gesti hawalitambui mpaka wameumia: mfanyakazi akiingia kwenye Chrome ya kazini kwa akaunti yake mwenyewe ya Google, kila nywila anayokubali "ihifadhiwe" inakwenda kwenye akaunti yake. Siku akiacha kazi, anaondoka nazo mfukoni kwenye simu. Wala hakuiba, ni kivinjari kilichompa. Nimeikuta hali hii mara tatu, na mara zote tatu kijana mwenyewe hakuwa na habari.

Firefox ina kipengele cha kuweka nywila kuu juu ya zile ilizohifadhi, lakini haiji ikiwa imewashwa. Usipoitafuta kwenye mipangilio ukaiwasha mwenyewe, haipo.

Sawa. Basi nichague ipi?

Watu hutaka niwaambie ipi ina nguvu zaidi. Zote zenye jina zina nguvu ya kutosha, na hutaibiwa kwa sababu ya hisabati. Mimi huuliza hivi: hizi nywila zitatumika kwenye kompyuta hii moja, ama na simu, ama na watu wengine? Na intaneti yako ikikatika, kazi inasimama?

Kama ni kompyuta moja, mtu mmoja au wawili, naweka KeePassXC. Ni ya bure, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua, na inakwenda kwenye Windows, Linux na macOS. Hakuna akaunti ya kufungua wala kampuni ya kuamini: nywila zako zote zinakaa kwenye faili moja yenye mwisho wa .kdbx, nayo iko kwenye diski yako. Inafanya kazi bila intaneti kabisa. Ukikopi nywila, inaifuta yenyewe kwenye kumbukumbu baada ya sekunde 10, ili anayekaa baada yako asije akaibandika. Ubaya wake ni ule ule uzuri wake: faili ni yako, na ikipotea hakuna wa kumlalamikia.

Kama unataka kompyuta na simu zioneshe kitu kimoja bila wewe kuhangaika, nenda Bitwarden. Nayo ina msimbo wazi, ilianza 2016, na hata bila kulipa inakuruhusu nywila na vifaa bila kikomo. Hapa faili lililosimbwa linakaa kwenye seva zao, yaani kompyuta za kampuni kwenye intaneti, na kila kifaa kinachukua nakala. Kulipa ni kwa anayetaka ya ziada.

1Password ya Kanada ni nzuri na imekaa vizuri machoni, ila baada ya muda wa majaribio ni kulipa kila mwezi au kila mwaka, kwa kadi. Wenye gesti kubwa huilipia. Mwalimu wa shule simshauri, maana kazi anayoitaka ataipata bure.

Nimeona KeePass na KeePassXC. Ni moja?

Ni ndugu. KeePass ndiyo mkubwa, aliiandika Dominik Reichl wa Ujerumani tangu 2003, na imetengenezwa hasa kwa Windows. KeePassXC waliiandika watu wengine baadaye, inasoma faili zile zile, na sura yake ni nyepesi kwa mgeni. Ukianza na moja unaweza kuhamia nyingine bila kubadilisha faili. Naipendelea XC kwa sababu kuiunganisha na kivinjari hakuhitaji ufundi. Ukiamua KeePass yenyewe, hakikisha ni toleo la 2.54 au la baadaye: mwaka 2023 iligundulika kwamba matoleo ya 2.x kabla ya hapo yaliacha alama za nywila kuu kwenye kumbukumbu ya kompyuta.

Nilisikia kuna moja iliibiwa. Mbona bado mnatutaka tuziamini?

Ni LastPass, mwaka 2022. Wezi waliingia kwenye mifumo yao, na Desemba kampuni ikakiri kwamba nakala za makasha ya wateja, yaani madaftari yao ya nywila, zimechukuliwa. Nywila zenyewe zilikuwa zimesimbwa, lakini anwani za tovuti hazikusimbwa, kwa hivyo mwizi aliweza kuona nani ana akaunti wapi.

Mwizi mwenye nakala ya kasha hazuiwi na mtu. Hakuna wa kumwambia "umekosea mara tano, ngoja." Anakaa nayo mwaka mzima akijaribu. Aliyekuwa na nywila kuu ndefu hana wasiwasi mkubwa, na aliyeweka jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa ana sababu ya kukosa usingizi. Hii ndiyo sababu katika jibu linalofuata nitarefuka.

Nywila kuu niitungeje?

Kwa dadu. Sitanii. Mwaka 1995 Mmarekani Arnold Reinhold alibuni njia inayoitwa Diceware: unarusha dadu mara tano, unapata tarakimu tano, unatafuta neno lenye namba hiyo kwenye orodha ya maneno 7,776. Unarudia mpaka upate maneno sita. Uzuri wa dadu ni kwamba haina mazoea. Mtu akichagua maneno "ovyo" kichwani mwake hutoa bahari, jahazi, mama, habibi. Wapwani ndio tulivyo.

KeePassXC inaweza kukutungia maneno hivyo hivyo, ila orodha inayokuja nayo ni ya Kiingereza. Kwa asiyekijua Kiingereza vizuri hiyo ni balaa, atakosea tahajia kila siku. Inakubali orodha yako mwenyewe, na mimi nimeunda ya Kiswahili. Inakupa kitu kama:

*komeo fenesi ubani kigoda shazia mtepe*

Hiyo usiitumie, maana imeshasomwa na watu wote. Lakini angalia jinsi inavyokaa mdomoni. Unafumba macho, unaona kigoda, juu yake fenesi, pembeni chetezo cha ubani. Kwa siku mbili imeingia.

Usitumie ubeti wa utenzi. Najua unaujua, najua ni mrefu, hata mimi nilitaka. Lakini kilichokwisha kuandikwa na kuimbwa, mashine inaweza kulishwa. Hali kadhalika aya na dua.

Nikiisahau?

Imekwenda. KeePassXC hawana njia ya kukufungulia, Bitwarden hawana njia ya kukufungulia, na mimi fundi sina. Mzee mmoja aliniambia, "Wewe una ujanja wako, hutaki tu." Wallahi sina. Kama ningekuwa nao, mwizi naye angekuwa nao.

Kwa hivyo iandike kwenye karatasi, kwa penseli au kalamu isiyotanda, bila kuandika ni ya nini, uiweke unapoweka hati ya nyumba. Watu hushangaa nikisema hivi. Daftari nililolisema juu linakaa kaunta, kila mtu analipitia. Karatasi hii inakaa na hati, na nani anafungua kasha la hati? Wiki mbili za mwanzo utaitazama mara kadhaa, baadaye utaisahau karatasi yenyewe.

Nakala za akiba niweke ngapi, na wapi?

Mbili, mbali na kompyuta, na moja iwe nje ya nyumba hiyo.

Niwaeleze yangu. Stima ilipotea usiku, ikarudi alfajiri kwa kishindo, na diski ya kompyuta yangu ya dukani haikuamka tena. Mimi ndiye fundi, mimi ndiye ninayewahubiria watu, na nakala yangu ya mwisho ilikuwa kwenye flashi ya miezi mitatu nyuma. Flashi yenyewe nilikuwa nimeiacha kwenye bati la biskuti karibu na dirisha. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuiona flashi ikikaa mbele ya bahari: ule mdomo wa chuma ulikuwa umeota kutu ya kijani. Niliusugua kwa kifutio cha penseli, nikaingiza, ikasoma mara ya nne. Nikapata nywila zote isipokuwa kumi na moja nilizoongeza katika ile miezi mitatu. Kumi nilizipata kwa kuomba upya kupitia barua pepe. Ya kumi na moja ilikuwa imefungwa kwenye laini ya simu niliyoitupa, na akaunti hiyo mpaka leo sijaiona.

Tangu siku ile nafanya hivi, na wateja nawawekea hivi. Flashi moja iko dukani ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, pamoja na kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu kinachokuja ndani ya viatu vipya. Nyingine iko nyumbani kwa dada yangu upande wa Mkomani. Kila Alhamisi jioni nakopi faili kwenye ya dukani, na mwisho wa mwezi nabadilishana na ya kwa dada. Faili lenyewe ni dogo kuliko picha moja ya simu, kwa hivyo unaweza pia kujitumia kwa barua pepe. Limesimbwa, anayeliona haoni kitu, ilimradi nywila kuu ni ile ya dadu. Ila usitegemee barua pepe peke yake, maana nywila ya barua pepe iko wapi? Iko ndani ya faili.

Wenye Bitwarden nao wasijione wamesalimika. Mara moja kwa miezi michache toa nakala ukiitumia ile njia ya kusafirisha data, uchague aina iliyosimbwa kwa nywila. Ile isiyosimbwa ni orodha wazi kabisa, na nimeikuta imekaa kwenye folda ya vilivyopakuliwa kwenye kompyuta ya watu wanne.

Intaneti ikikatika, nitafungua?

KeePassXC, kila kitu. Bitwarden utasoma yaliyokwisha kuingia kwenye kifaa, lakini hutaongeza wala kubadilisha mpaka irudi.

Mapokezini tuko watatu kwa zamu. Tunafanyaje?

Msipeane nywila kuu moja ya kila kitu. Fanyeni mafaili mawili ya KeePassXC: moja la mapokezi, lenye tovuti za wageni na barua pepe ya gesti, na lingine la mwenye nyumba, lenye benki, ushuru na eCitizen (tovuti ya huduma za serikali ya Kenya). La mapokezi wanalijua wote watatu, la pili mwenyewe. Mtu akiacha kazi, badilisheni nywila kuu ya faili la mapokezi, na pia nywila zilizomo ndani. Zile za ndani ndizo watu wasizozikumbuka: aliyeondoka huenda alishazikopi.

Na wekeni ijifunge yenyewe baada ya dakika tano bila kuguswa. Kwenye mipangilio ya usalama ni alama moja tu ya kutia. Kwa mkono ni Ctrl na L, unaondoka kwenda kumpokea mgeni gatini.

Niipakue wapi?

Kwenye tovuti ya wenyewe: keepassxc.org au bitwarden.com. Andika anwani kwa mkono wako, usibofye tangazo lililo juu ya matokeo ya utafutaji. Oktoba 2023 kulikuwa na tangazo la KeePass lililopeleka watu kwenye tovuti ya bandia yenye virusi. Anwani yake ilikuwa keepass.info kabisa, kama ile ya KeePass wenyewe, ila herufi ya kwanza, ile k, ilikuwa na kijimkia chini yake. Kwenye skrini yenye vumbi ungedhani ni mavi ya nzi.

Nitie nini ndani, nini nisitie?

Tia barua pepe kwanza, kwa sababu aliye na barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya ya vingine vyote. Kisha iTax (ya ushuru), eCitizen, benki, tovuti za kazi. Tia namba za PUK za laini zako (za kufungulia laini iliyojifunga), zile zilizo kwenye kadi uliyoipata siku ya kununua laini na hujui iko wapi. Tia zile namba 10 za dharura ambazo Google hukupa unapowasha uthibitishaji wa hatua mbili, ule unaotaka nywila kisha na uthibitisho wa pili, mara nyingi kwenye simu. Kwa watu wanaobadilisha simu kila mwaka, hizo zimeokoa zaidi ya nywila yenyewe.

PIN ya M-Pesa ni tarakimu nne, kaa nayo kichwani. Haina sababu ya kuwa kwenye kompyuta.

Naweza kufungua faili langu kwenye kompyuta ya saiba?

Hapana, hata yangu. Hujui ni nini kinachorekodi vidole vyako.

Kompyuta yangu ni ya Windows ya zamani.

Windows 10 ilikoma kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na zilizotangulia ziliachwa kitambo. Kufuli zuri kwenye mlango uliooza halisaidii. Kama mashine haikubali Windows 11, ninaweza kuitia Linux, na KeePassXC itafungua faili lako lile lile.

Nibadilishe nywila zote kila baada ya miezi mitatu?

Ushauri huo ni wa kale. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, tangu 2017 inasema mtu asilazimishwe kubadilisha bila sababu, maana anaishia kuongeza namba mwishoni. Badilisha ukisikia tovuti imeibiwa. Tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, itakuambia kama barua pepe yako imo katika wizi unaojulikana.

Nikifa, watoto watafunguaje?

Swali hili aliuliza bibi mmoja mwenye nyumba mbili za kukodisha Shela, na tangu hapo nalitia mwenyewe kwa kila mtu. Andika nywila kuu, na pahali faili lilipo, kwenye karatasi moja, uitie kwenye bahasha, uigundishe na utie sahihi juu ya mshono. Mpe mtu wa amana ambaye hana kompyuta yako. Aliye na bahasha asiwe na faili, na aliye na faili asiwe na bahasha. Yule bibi bahasha alimpa kakake Mokowe, na kila akija Idi anaiomba aitazame mshono.

Nikija dukani kuwekewa, nije na nini?

Simu yenye laini inayofanya kazi, daftari lako la zamani hata kama limelowa, na flashi mbili mpya. Njoo asubuhi, kazi ni ya saa moja hadi mbili kutegemea akaunti. Dadu ninayo. Ukifika wakati wa kurusha na kuandika nywila kuu, mimi natoka nje kunywa kahawa barazani. Ukimaliza kuiandika mara mbili, niite.